Kamati ya mkutano Arusha: basi mliliweka KIA, sisi mkatushusha Kisongo, na vyeti bado mnavyo

Wakuu, habari za humu.

Nimesubiri siku nne hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Wiki iliyopita tulikuwa Arusha kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha kitaaluma. Chama sitakitaja, wahusika watajijua, na najua wengi wao wanapita humu. Mada zilikuwa nzuri, ukumbi mzuri, hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jinsi watu wazima, waliolipa ada ya ushiriki miezi miwili kabla, walivyoachwa wahangaike viwanjani kama vile hakuna aliyewaalika.

Barua ya mwaliko ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa mzima kaulimbiu na majina ya wadhamini, nusu ukurasa sare ya usiku wa chakula cha jioni. Usafiri ulipewa sentensi moja: washiriki watakaokuja kwa ndege watapokelewa "uwanja wa ndege wa Arusha". Mwisho wa maelezo.

Kwa anayekata tiketi, hiyo sentensi ni mtego. Arusha ina viwanja viwili na haviko jirani. Upo uwanja wa Arusha wenyewe, ule wa Kisongo, kama kilomita 10 kutoka mjini, upande wa magharibi, barabara ya kwenda Dodoma. Kwenye tiketi unasomeka ARK. Halafu upo KIA, yaani uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa 1971, uko wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, katikati ya Moshi na Arusha. Kutoka pale hadi Arusha mjini ni karibu kilomita 50, upande wa mashariki, unapita Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru ndipo uingie mjini. Kwenye tiketi ni JRO. Kisongo njia ya kurukia ni fupi, zinatua ndege ndogo na pangaboi. Majeti yanakwenda KIA. Na mji wenyewe, pamoja na kituo cha mikutano cha AICC na hoteli tulizopangiwa, uko katikati ya viwanja hivyo viwili. Shikeni hilo la mji kuwa katikati, nitalirudia.

Mimi natoka Mbeya. Kwa basi ni kuikata nchi nzima kupitia Iringa, Dodoma na Babati, na mwajiri alinipa siku za mkutano tu, hakunipa za barabarani. Kwa hiyo ni ndege: uwanja wetu wa Songwe hadi Dar, Dar hadi Arusha. Nilikuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza, tiketi moja ya shirika moja mpaka KIA, begi nalikabidhi Songwe nalipokea KIA. Ya pili, tiketi mbili tofauti: nafika Dar, nahama jengo, napanda ndege ndogo mpaka Kisongo. Ya pili ilikuwa ghali zaidi na yenye usumbufu zaidi. Lakini barua ilisema uwanja wa Arusha.

Sikukurupuka. Niliuliza kwenye kundi la WhatsApp la washiriki: "Samahani katibu, tunapokelewa KIA au Kisongo?" Kimya. Siku tatu baadaye nikauliza tena, na dada mwingine wa Zanzibar akauliza swali hilo hilo chini yangu. Jibu likaja: "Someni barua, kila kitu kimeandikwa." Ujumbe huo ninao, sijaufuta. Nikasoma barua kwa mara ya nne, nikakata tiketi ya Kisongo.

Siku ya safari Songwe ukungu. Anayeijua Songwe anajua ule ukungu wa asubuhi, hauna wa kulaumiwa. Ndege ya saa tatu ikaondoka saa tano. Hapa ndipo tiketi mbili zinapokuumiza: ukiwa na tiketi moja, kuchelewa ni tatizo la shirika, litakutafutia ndege nyingine. Ukiwa na mbili za mashirika mawili, lile la pili halikujui, ukikosa ndege umekosa na pesa imekwenda. Nilitoka Jengo la Pili pale Dar nakimbia. Ndege ndogo zinaondokea Jengo la Kwanza, lile la zamani, upande mwingine kabisa, inabidi uchukue gari.

Nikafika wakiwa bado wanapokea abiria. Nikaweka begi kwenye mzani. Ikasoma 22. Mwisho ni kilo 15 pamoja na mkoba wa mkononi. Mzani haukuwa na kosa, na kijana wa kaunta hakuwa na kosa, kiwango kiliandikwa kwenye tiketi. Nilikuwa nimepanga kulipia uzito wa ziada, lakini siku hiyo ndege ilijaa, akaniambia, "Mama, hata ukilipa hauendi, rubani hakubali." Nikafungua begi pale chini, mbele ya watu, nikatoa nakala 40 za taarifa yangu niliyokwenda kuiwasilisha. Nilizichapa Mbeya kwa pesa yangu, nikazifunga kumi kumi kwa uzi. Nikazipanga juu ya kaunta, nikampigia mtoto wa dada yangu anayekaa Gongo la Mboto aje azichukue. Kesho yake niliwasilisha mikono mitupu.

Ningekata tiketi ya KIA nisingeziacha.

Tumetua Kisongo kama saa kumi na moja kasoro. Tulikuwa washiriki watano: mimi, wawili wa Zanzibar, mmoja wa Mtwara, na mzee wetu mmoja mstaafu aliyealikwa kutoa mada. Tukasimama nje na vibegi vyetu tunatafuta basi lenye bango la mkutano. Hakuna basi, hakuna mtu mwenye karatasi ya majina. Nikapiga simu kwa katibu. Simu ya tatu akapokea.

"Katibu, shikamoo. Tumeshafika uwanjani, hatuoni basi."

"Marahaba. Basi lipo hapo, tangu asubuhi."

"Hapa Kisongo?"

Kimya kidogo. "Basi liko KIA. Njooni KIA."

Njooni KIA! Wakuu, rudini kwenye ile ramani. Ili tutoke Kisongo twende KIA, lazima tupite Arusha mjini, tupite hoteli zenyewe tulizopangiwa, twende kilomita karibu 50 mbele, tupande basi, turudishwe pale pale tulipopita. Na aliyekuwa anasema hivyo ndiye mratibu wa mapokezi. Mzee wetu aliposikia hakusema kitu, akakaa juu ya begi lake.

Tukachanga tukachukua teksi mbili. Dereva wetu alikuwa mtu wa maana sana, akasema jambo ambalo sijalisahau: "Dada, sisi mtu akitupigia kwamba ana mgeni wa kumpokea, kitu cha kwanza tunauliza KIA au Kisongo. Hata saa tunauliza baadaye." Huyo ni dereva. Mji huu umezoea mikutano. AICC ipo tangu 1978, ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa humo humo toka 1995 mpaka 2015, wageni wa dunia nzima wakaingia na kutoka. Na kamati yetu ina wajumbe wawili wanaoishi Arusha. Kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeshtuka kwenye ile sentensi, mimi sikubali. Walisoma, hawakujali, kwa sababu wao hawapandi ndege kwenda kwenye huo mkutano.

Msidhani wa KIA walifaidi. Basi lilikuwa moja kwa siku nzima, na amri ilikuwa lisiondoke mpaka ndege zote ziingie. Waliotua saa nne asubuhi walikaa pale hadi saa mbili usiku. Kuna mama alitoka Bukoba ana mtoto wa miezi mitano mgongoni. Saa kumi nzima za kusubiri! Mwishowe alitoa shilingi 100,000 ya teksi kutoka mfukoni mwake. Wenzetu wa Nairobi waliokuja na basi dogo kupitia Namanga walikuwa wameshaoga na kula.

Fomu ya usajili iliuliza saizi ya fulana. Iliuliza kama unakula nyama. Haikuuliza tiketi yako inasomeka uwanja gani na unatua saa ngapi. Maswali mawili. Mngekuwa nayo mngejua wangapi wako Kisongo, wangapi KIA, mngepanga gari la asubuhi na la jioni, na mngetuma hata Noah moja tu Kisongo.

Sasa njooni kwenye kurudi, maana hapo ndipo uchungu wenyewe. Ratiba ilisema kufunga Ijumaa saa sita mchana. Watu wakakata tiketi kwa ratiba hiyo. Mimi ndege yangu Kisongo saa tisa, wengi wa KIA saa kumi na saa kumi na moja. Saa sita mgeni rasmi hajafika. Saa saba hajafika. Mshereheshaji akatangaza kwamba vyeti vya ushiriki vitatolewa baada ya hotuba, na hakuna atakayepewa kabla. Kila mtumishi anajua maana ya kile cheti. Bila cheti hurejeshi masurufu, yaani huwezi kuitolea hesabu pesa ya safari uliyopewa na mwajiri, na masurufu yasiporejeshwa yanakatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo mtu alilazimika kuchagua, cheti au ndege.

Mimi niliondoka saa saba na dakika arobaini bila cheti. Kijana mmoja wa Kigoma aliyekuwa anakaa jirani yangu akabaki. Mgeni rasmi aliingia saa nane na nusu. Kijana alipata cheti saa tisa na nusu, akakimbilia KIA, akakuta foleni Usa River, akafika kaunta imefungwa. Amelala Arusha kwa pesa yake na amenunua tiketi upya. Alinitumia picha ya kile cheti usiku. Kimepindwa kati, jina lake limekosewa herufi moja.

Kwa wadau mnaojiandaa na mikutano ya huko: msikate tiketi mpaka mwenyeji aandike KIA au Kisongo kwa herufi, na mkiweza chukueni tiketi moja mpaka mwisho wa safari. Siku ya kurudi iwe kesho yake asubuhi, hata kama posho haifiki.

Kwa kamati: sitaki samahani ya kwenye kundi. Mhasibu wetu amenipa mpaka Ijumaa hii. Stakabadhi ya teksi ya Kisongo ameikataa, anasema barua yenu inaonyesha tulipokelewa. Nataka vitu viwili. Cheti changu, kilichobaki kwenye boksi lenu. Na barua yenye mhuri inayosema kwamba siku ile basi la washiriki lilikuwa KIA, na uwanja wa Arusha hapakuwa na gari. Anwani yangu mnayo, iko kwenye ile fomu, chini ya saizi ya fulana.