CPL (leseni ya rubani wa biashara) ninayo, masaa 215 ya kurusha ndege, kazi hakuna. Nianzie wapi Arusha?

binti_wa_pasua: Wakuu habari zenu. Nimerudi Moshi tangu mwezi wa 11, nimesomea Sauzi, CPL ninayo na ndege za injini mbili nimefanya, masaa 215 tu. Nimetuma CV kwa imeli kampuni za ndege za Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, mpaka nimechoka, waliojibu ni mmoja na yeye anataka masaa 500 tena yawe ya Caravan, zile ndege ndogo za watalii, sasa nitayatoa wapi kama hakuna anayenipa ndege?? Mzee kauza kiwanja nisome, kila jioni ananiuliza "vipi, wamekuita?" naona aibu hata kukaa sebuleni. Kuna mtu ananishauri nilipie reti ya Airbus (kibali cha kurusha aina hiyo ya ndege kubwa) kwanza, ni sawa?

siti_ya_kulia: Mdogo wangu Airbus achana nayo, bila mkataba mkononi utabaki na karatasi na deni. Kwanza leseni ya Sauzi ushaibadilisha kuwa ya TCAA, mamlaka ya anga ya hapa Tanzania? Kama bado hiyo CV wanaipita tu. Halafu imeli hazisaidii, mi nilienda mwenyewe Kisongo saa 12 asubuhi kabla ndege za kwanza hazijatoka, nikaanza na kupima mabegi, si unajua yale mabegi laini ya watalii mwisho kilo 15, miezi 8 niko na mizani na kujaza lodi shiti (karatasi ya uzito wa ndege), chifu pailoti, mkuu wa marubani, ananiona kila siku. Caravan rubani mmoja anatosha ila kampuni nyingi wanaweka wawili, na huyo wa pili ndo wewe.

njiro_kwetu: Naongezea hapo, usiende mwezi wa 7, nyumbu wakiwa Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, hakuna wa kukusikiliza pale, watu wanakimbizana na ndege tu. Nenda wa 3 au wa 4 mvua zikianza, ndege ziko hanga na ndo wanapanga watu wa msimu. Na medikali (cheti cha afya cha rubani) isiishe!

binti_wa_pasua: Asanteni sana, leseni kumbe ndo tatizo, sijabadilisha 🙈 Kaka hivi kupima mabegi walikuwa wanakulipa?

siti_ya_kulia: Nauli na chai 😂 Ila chifu akipita lazima akuulize kitu. Mi aliniuliza Kisongo iko futi 4,500 na ushee, saa 8 mchana jua kali, hewa nyepesi ndege inanyanyuka kwa shida, siti zote zimejaa, unapunguza nini, mafuta au mabegi? Nikakaa kimya. Wewe njoo na jibu.