Ngumi ya pili ndiyo hunaswa: sheria inasemaje kuhusu kulipiza kwenye raga?

Kapteni_Eastlands
Salaam wadau wa raga. Naandaa maelezo ya nidhamu ya kusomea kikosi kabla ya ligi kuanza, na kuna pahali pananishinda.

Tuseme mpira umetoka kwenye raki (rundo la wachezaji wanaougombania mpira ulio chini), uko mikononi mwa namba 10 wetu. Nyuma, namba 7 wetu bado yuko chini, propu wao (mchezaji wa mstari wa mbele) amemlalia na kumkaba shingo. Namba 7 anajinasua, anasimama, anamtandika ngumi moja ya shavu. Kipenga. Penalti iliyokuwa yetu inageuzwa, kadi nyekundu ni yetu, na propu anaondoka akijipangusa nyasi kama hajui kitu.

Je, sheria inamtofautisha aliyeanza na aliyejibu? Kujitetea kunaishia wapi na kulipiza kunaanzia wapi? Na mbona kwenye mechi za kimataifa mtu hutolewa kwa manjano, kisha inageuka nyekundu akiwa tayari ameketi?

Kipenga_NgongRoad
Kapteni, Sheria ya 9, ile ya mchezo mchafu, ni fupi sana hapo: mchezaji haruhusiwi kulipiza. Haina "isipokuwa". Kosa la kwanza halifuti la pili, na la pili halifuti la kwanza. Kama refa ameyaona yote mawili, wote wanaweza kwenda nje. Shida ni hiyo "kama ameyaona".

Angalia macho ya refa yako wapi mpira unapotoka. Anatazama kama walinzi wameotea, anatazama mikono ya namba 10, anatazama nani anakimbia bila mpira akiziba njia. Raki iliyobaki nyuma si yake tena, ni ya msaidizi wa upande huo. Mkono wa propu unaingia shingoni ndani ya sekunde hizo mbili tatu. Halafu jukwaa linapiga kelele, benchi linasimama, refa anageuka. Anakuta nini hewani? Ngumi ya namba 7. Si upendeleo. Kelele za kosa la kwanza ndizo zilizomgeuza akaona la pili.

Kuna jambo ambalo timu nyingi za ligi za chini hapa Nairobi hazilijui. Mshika kibendera aliyetolewa na klabu ana kazi ya kuonyesha mpira umetoka nje ya uwanja na kama mkwaju umepita kati ya milingoti. Kuripoti rafu si kazi yake, hata angeona meno yakidondoka. Msaidizi aliyeteuliwa na waandaaji wa mechi ndiye mwenye ruhusa hiyo. Akiona rafu hunyoosha kibendera mlalo kuelekea ndani ya uwanja, kikiwa pembe mraba na laini ya pembeni, na mchezo huendelea mpaka usimame. Hapo refa humwendea, naye humpa namba, timu, alichokiona na adhabu anayopendekeza.

Kwa hiyo kibendera kikiwa kimenyooka, penalti ya namba 7 wako iko njiani. Akipiga ngumi hapo, anairudisha mwenyewe. Penalti hugeuzwa wakati wowote kabla haijapigwa, na kama ilikuwa mbele ya milingoti, hizo ni pointi 3 mmezitupa pamoja na mchezaji.

Propu_Mstaafu
Maneno matamu ya darasani. Usipomjibu mtu dakika ya 5 atakukanyaga mpaka ya 80. Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, walipokwenda Afrika Kusini 1974 chini ya Willie John McBride walikuwa na wito wao wa "99": mmoja wetu akiguswa, kila mtu anampiga aliye karibu naye. Walicheza mechi 22, wakashinda 21 na kutoka sare moja. Nani aliwatoa?

Kipenga_NgongRoad
Mzee wangu, umeutaja mfano mzuri, lakini hesabu yake ilikuwa nini? Kwamba refa hawezi kuwatoa watu 15 kwa mpigo. Ilifaa siku ambazo kulikuwa na refa mmoja na hakuna mtu wa kurudia picha baada ya mechi. Songa mbele mpaka Juni 1995, uwanja wa Boet Erasmus, Port Elizabeth, Afrika Kusini na Kanada kwenye Kombe la Dunia. Ugomvi ulianza kwa wawili, ukazoa timu nzima. Refa David McIntosh aliwatoa watatu: James Dalton, Gareth Rees na Rod Snow. Na haikuishia hapo. Winga Pieter Hendriks, aliyemaliza mechi bila kadi, alishtakiwa baadaye kwa picha za televisheni, akafungiwa. Nafasi yake kikosini akapewa Chester Williams, aliyekwenda kufunga trai 4 (kugusisha mpira chini nyuma ya laini ya wapinzani) dhidi ya Samoa ya Magharibi kwenye robo fainali. Wito wa 99 ulifia hapo.

Hata zamani, refa aliyechoshwa hakuwa na subira. Tarehe 3 Januari 1925 kule Twickenham, Albert Freethy alizionya timu zote mbili kwanza, kisha akamtoa Cyril Brownlie wa New Zealand, mtu wa kwanza kufukuzwa katika mechi ya kimataifa. Refa akishawaita manahodha wote wawili na kutoa onyo la jumla, swali la nani alianza limekufa. Anayefuata ndiye anayelipa.

Wakili_wa_Raki
Nijibu la kujitetea, maana wengi hulichanganya. Uwanjani swali la aliyeanza halina uzito mkubwa. Mezani, mbele ya jopo la nidhamu, lina uzito. Kanuni ya 17 ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, inalitaka jopo lipime, pamoja na mengine, kama kulikuwa na uchokozi, kama mchezaji alikuwa analipiza na alilipiza *wakati gani*, na kama alikuwa anajitetea. Hilo neno wakati ndilo kiini. Mkono wa propu ukiwa bado shingoni na namba 7 akausukuma, huko ni kujitetea. Mkono ukishatoka, akasimama, akamtafuta, akampiga, huko ni kulipiza, hata kama ni sekunde mbili tu. Mfano wako, Kapteni, una neno "anasimama". Kesi imeishia hapo.

Sasa wiki za kufungiwa. Ngumi ina ngazi tatu: ya chini wiki 2, ya kati 6, ya juu kuanzia 10, na kikomo ni 52. Kupiga kwa kichwa ni 6, 10 na kuanzia 16. Lakini rafu yoyote iliyogusa kichwa au shingo haiwezi kuanzia ngazi ya chini. Kwa hiyo ngumi ya shavu inaanzia wiki 6, haijalishi ilikuwa nyepesi kiasi gani. Ukikiri mapema, rekodi yako ikiwa safi na ukijiheshimu kwenye kikao, jopo linaweza kupunguza mpaka nusu. Bado ni wiki 3. Uchokozi utakusaidia jopo linapochagua ngazi, hautakushusha chini ya ile ya kati.

Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na wakati mwingine huumiza nchi nzima. Robo fainali ya Kombe la Dunia 2019 kule Oita, Japani, Ufaransa ilikuwa mbele ya Wales 19-10, moli yao (kundi lililosimama likimzunguka mbeba mpira) ikisukuma karibu na laini ya Wales. Sébastien Vahaamahina akamzungushia Aaron Wainwright mkono shingoni, kisha akamgonga taya kwa kiwiko. Refa Jaco Peyper akatazama marudio, nyekundu. Ufaransa ikafungwa 20-19, naye akafungiwa wiki 6. Timu ilikuwa inashambulia!

Benchi_la_Mbao
Naongezea la kadi kubadilika. Tangu 2023 mechi kubwa zina afisa wa kukagua rafu anayekaa chumbani mbali na uwanja, wanaita banka. Refa akiona rafu ya kadi ila hana hakika ya rangi, humpa mchezaji manjano na kupishanisha mikono kifuani. Mchezaji anatoka kwa dakika 10, na banka lina mpaka dakika 8 kuamua kama manjano inabaki au inapanda. Ndiyo maana hubadilika mtu akiwa kitini.

Wanaulizana maswali manne kwa mpangilio. Kichwa kiliguswa? Kulikuwa na rafu? Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani? Kuna la kupunguza uzito? Hatari kubwa huanzia nyekundu, ndogo huanzia manjano. Cha kupunguza ni kama mbeba mpira aliinama ghafla, au alibadili mwelekeo dakika ya mwisho na mwangushaji hakuwa na nafasi ya kujirekebisha. Kikikubaliwa, kadi hushuka ngazi moja tu.

Fainali ya Kombe la Dunia, Oktoba 2023, Stade de France, New Zealand na Afrika Kusini: Sam Cane alimwangusha Jesse Kriel akiwa amesimama wima, bega likafika kichwani. Manjano ya refa Wayne Barnes ikapandishwa, na Cane akawa mtu wa kwanza kupewa nyekundu kwenye fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Ya Siya Kolisi kipindi cha pili ilikaguliwa ikabaki manjano, jambo ambalo mashabiki wa New Zealand wangali wanalitafuna. Matokeo 12-11 kwa Afrika Kusini.

Lakini msichanganye hayo na ngumi. La kupunguza uzito haliingii kabisa kwenye kitendo ambacho siku zote ni haramu, au cha makusudi. Na katika mechi kubwa zinazotumia nyekundu ya dakika 20, timu inaweza kuingiza mtu mwingine baada ya dakika hizo, ila refa bado anaweza kutoa nyekundu ya kudumu moja kwa moja kwa rafu ya makusudi. Ngumi ya kulipiza inakwenda huko.

Kwa wale wa Shujaa na Safari Sevens, raga ya wachezaji saba kila upande: manjano ni dakika 2 katika mechi ya dakika 14. Inaonekana ndogo, lakini ni sehemu moja ya saba, na uwanjani mmebaki sita.

Kapteni_Eastlands
Asanteni sana. Basi nahodha afanye nini mchezaji wake akiendelea kukabwa shingo?

Kipenga_NgongRoad
Asubiri mpira usimame, aende peke yake, aseme namba, mahali na kitendo. "Refa, namba 1 wao, shingoni, kwenye raki, mara ya pili. Tafadhali itazame." Asiulize "wewe huoni?" Ubishi unasogeza penalti mita 10 mbele, na refa anayezozwa huacha kusikiliza.

Aliye chini afungue viganja vionekane, asishike jezi ya mtu. Akisukuma, asukume kwa kiganja wazi apate nafasi ya kupumua, aache hapo. Aliye karibu naye amkumbatie *mwenzake* kiunoni kutoka mbele na kumrudisha nyuma hatua tano. Winga asije mbio kutoka mita 30. Mtu wa tatu kuingia hana la kujitetea, na kwa kawaida ndiye mwenye jezi inayosomeka vizuri.

Propu_Mstaafu
Haya, nimesikia. Na huyo propu mwenye mkono shingoni anakwenda nyumbani hivi hivi?

Wakili_wa_Raki
Si lazima, Mzee. Kumkaba mtu shingo ni rafu ya hatari hata bila ngumi, na mechi za kimataifa zina kamishna anayetazama picha baada ya mechi na kumshtaki mtu ambaye refa hakumwona, mradi kitendo kilifikia kadi nyekundu. Kwenye ligi ya chini soma kanuni za mashindano: nani anaruhusiwa kulalamika, na kwa muda gani. Halafu mpe mtu mmoja simu, asimame juu kidogo karibu na laini ya mita 22, apige picha pana. Wapigaji wengi hufuata mpira. Mwambie mpira ukitoka, abaki na raki kwa sekunde tatu.