Naomba ushauri: mama yangu anasema ameshiba kabla chakula hakijatengwa

Binti wa Ziwani aliandika:

Habari zenu nyote, na shikamooni wakubwa. Naandika nikiwa Bukoba, ninakofanya kazi, lakini jambo lenyewe liko kijijini kwetu wilayani Magu, upande wa ziwani, anakoishi mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 78. Tangu baba alipofariki, mama anaishi katika nyumba yake mwenyewe pamoja na kaka yangu mkubwa, wifi yangu na watoto wao wanne. Kila mwezi hutuma fedha za matumizi na za dawa za presha kwenye simu ya mama.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimu kwa siku mbili. Nilipomkumbatia mama nilishika mifupa. Khanga ambayo zamani ilimtosha kwa shida sasa anaizungusha mara mbili kiunoni na bado inateleza. Jagi la maji limewekwa juu ya kabati, na mama hawezi kusimama bila kushikwa mkono. Jioni ya kwanza, ugali wa muhogo na dagaa vikiwa bado jikoni, alisema, "Mimi nimeshiba," huku akimtazama wifi. Usiku tulilala chumba kimoja, nikamsikia gizani akila matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, niliyoyanunua njiani, akivilowanisha vipande mdomoni kimoja kimoja kwa sababu meno yamebaki machache. Nilijifanya nimelala, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko, kuna alama nne ndogo za weusi zilizofuatana. Alisema alijigonga mlangoni. Dawa nilizomnunulia miezi mitatu nyuma hazijafika nusu. Simu yake huishika wifi, na namba ya siri anaijua kaka. Kaka pia alinieleza, kana kwamba ni habari ya kawaida, kwamba mama ameweka dole gumba kwenye karatasi inayohusu shamba la kando ya ziwa, naye mama hajui kusoma. Watoto wa jirani nao hawapiti tena uani kwetu kwa sababu ya macho yake mekundu, na kuna jirani aliyefiwa na ng'ombe wawili ambaye amekuwa akisema maneno, lakini hayo ya mtaani sikuyatilia maanani.

Naomba mnisaidie kujua kama huu ni uzee tu au mama ananyanyaswa. Nikisema, naogopa nitauvunja ukoo, na zaidi naogopa kwamba nikishaondoka yeye ndiye atakayelipia maneno yangu.

Muuguzi wa Nyamagana alijibu:

Pole sana, dada yangu. Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi, na nitakueleza ninachokiona bila kumhukumu mtu nisiyemfahamu.

Ngozi ya mzee huwa nyembamba na huvilia damu kwa urahisi, kwa hiyo alama moja kwenye muundi au nyuma ya kiganja hainishtui. Alama nne zilizofuatana sehemu ya juu ya mkono ni jambo jingine, kwa sababu ndivyo vidole vinavyoacha alama mtu anaposhikwa kwa nguvu. Huenda alikamatwa asianguke, huenda alivutwa kwa hasira. Alama peke yake haisemi ni lipi kati ya hayo. Kukonda nako kunaweza kutokana na kisukari, kifua kikuu, vidonda vya mdomoni au huzuni ya kufiwa. Ndiyo maana mama anapaswa kupimwa hospitali, hata kama nyumbani kungekuwa na amani tupu. Akiwa na miaka 60 na zaidi na hana uwezo, sera ya nchi inampa matibabu bila malipo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Uliza ofisi ya kijiji kama amewahi kupewa kitambulisho.

Utakapokwenda, omba umwogeshe wewe mwenyewe. Tazama mwisho wa uti wa mgongo, nyonga na visigino. Ukiona sehemu iliyobadilika rangi na rangi hiyo haiondoki unapoibonyeza kwa kidole, hicho ni kidonda cha mgandamizo kinachoanza, na maana yake ni kwamba mama analala au anakaa upande mmoja kwa saa nyingi bila kugeuzwa. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Kidonda kikiwa wazi, usikipake majani wala unga wa vidonge. Mpeleke kituo cha afya.

Mkiwa wawili tu bafuni, muulize kwa lugha yake maswali mafupi. Je, chakula unakipata unapokihitaji? Fedha zako unazishika mwenyewe? Kuna mtu hapa unayemwogopa? Usimuulize "nani anakutesa", maana mama hawezi kumtaja mwanawe kwa swali la namna hiyo, atakwambia alianguka. Akikueleza kwamba amepigwa, pitieni polisi mpate fomu ya PF3 kabla ya matibabu, isipokuwa hali yake ikiwa mbaya, ambapo matibabu hutangulia.

Wala usione aibu kana kwamba ni nyumba yenu peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, kati ya watu 6 wenye miaka 60 na zaidi, 1 hutendewa unyanyasaji wa namna fulani ndani ya mwaka mmoja.

Kijana wa Igoma alijibu:

Dada, mimi nisingesubiri. Panda meli ya leo, mchukue mama uende naye Bukoba, kisha mfungulie kesi kaka yako. Mtu anayemnyima mama yake maji hana undugu.

Mstaafu wa Ustawi alijibu:

Mwanangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii katika mkoa huu, na jambo lililonitisha kuliko yote ni lile ulilosema hukulitilia maanani.

Mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu, ambaye watoto wamekatazwa kupita uani kwake, na jirani aliyefiwa na ng'ombe anasema maneno: hapa Usukumani tumezika mabibi wengi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa mpangilio huo huo. Macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi, na wa kubanika samaki kwa miaka hamsini, pamoja na magonjwa ya macho ambayo hayakutibiwa. Wauaji hawajali hilo, na mara nyingine nyuma ya uvumi kuna mtu anayelitaka shamba. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwenu. Nasema kwamba uvumi na karatasi ya shamba vimetokea wakati mmoja, na kwa sababu hiyo vishughulikiwe pamoja, wiki hii, bila kusubiri likizo yako.

Mpigie mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji leo. Waeleze maneno ya jirani kama yalivyosemwa, na nani aliyasikia, na uombe yaandikwe. Kisha wapigie polisi wa kata yenu. Kutishia uhai wa mtu ni jinai, na askari akifika mapema kuongea na anayesambaza maneno, mara nyingi moto huzimika ukiwa bado cheche. Mama asilale peke yake katika chumba chenye mlango wa nje.

Kuhusu shamba, usihangaike kubishana na kaka kwenye simu. Ikiwa ni ardhi ya kijiji inayomilikiwa kimila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiachi uhamisho upite kwa dole gumba la chumbani. Halmashauri ya kijiji inapaswa kuuridhia. Mpelekee mtendaji barua inayoeleza kwamba mama hajui kusoma, hakusomewa, na anaomba lisipitishwe lolote bila yeye kuwapo. Barua iwe ya mama, kwa kauli yake.

Nikugeukie wewe, kijana wangu wa Igoma. Hasira yako naiheshimu, lakini mzee si mzigo wa kubebwa usiku. Mama huyu ana akili zake, ana nyumba yake, na kaburi la mumewe liko pale. Niliwahi kumhamisha bibi mmoja bila kumsikiliza vya kutosha, nikidhani namwokoa. Alikaa mjini miezi mitatu akiitazama barabara, akaacha kula kwa hiari yake. Aulizwe anataka nini, aelezwe hatari ilivyo, ndipo aamue.

Mlezi wa Baba, Nyakato, alijibu:

Naomba niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Baba yangu alipata kiharusi, nami ndiye ninayemhudumia. Mwaka wa kwanza nilikuwa nampunguzia maji kuanzia saa kumi jioni, kwa sababu alikuwa akilowesha godoro na mimi nilikuwa nafua mashuka saa nane usiku kabla ya kwenda kazini. Niliweka chupa mbali naye. Sikujiona mtesaji, nilijiona mtu aliyechoka. Mpaka daktari aliponiambia kwamba kuchanganyikiwa kwa baba kulitokana na upungufu wa maji mwilini, nikalia kwenye korido.

Dada, jagi juu ya kabati nalifahamu. Ndiyo maana nakuomba umuulize wifi yako nani anamfulia mama, nani anamwinua usiku, na nani anampokea siku ambayo yeye anaumwa. Kosa linabaki kosa, mama anaweza kufa kwa kiu bila kujali sababu. Lakini tiba ya uchovu ni tofauti na tiba ya ukatili, na kwetu mpira wa kufunika godoro, ndoo ya haja kando ya kitanda na shangazi aliyekuja siku mbili kwa wiki vilibadilisha nyumba nzima. Vidole vile vinne mkononi, hata hivyo, sina la kuvitetea.

Binti wa Ziwani aliandika, baada ya siku kumi na sita:

Nawashukuru, na shikamoo baba Mstaafu. Nilipiga simu kwa mwenyekiti siku ile ile, kisha nikaomba ruhusa kazini na kupanda meli ya usiku. Nilifika kijijini siku ya mnada, wifi akiwa hayupo.

Nilimwogesha mama. Juu kidogo ya makalio kulikuwa na kidonda wazi, upana wa kizibo cha soda. Nilimuuliza maswali yale matatu kwa Kisukuma. La chakula alijibu kwamba akila sana "anawasumbua usiku". La fedha alicheka kidogo, akasema simu yake hajaishika tangu msimu wa kulima. La tatu alinyamaza, nikaendelea kummiminia maji mgongoni, hata mwishowe akasema kaka humvuta mkono akinywa pombe, na kwamba nisimfunge.

Hospitali wamemkuta na presha ya juu na upungufu wa damu, na macho yameanza kutibiwa. Fomu ya PF3 tulichukua. Dawati la jinsia la polisi walimsikiliza wakiwa naye peke yake, na kaka ameitwa. Kesi kamili mama ameikataa kwa sasa, na maelezo yake yameandikwa na kutunzwa. Yule jirani ameonywa na polisi mbele ya mwenyekiti. Wifi tulikaa naye jikoni kwa muda wa karibu saa tatu. Kuhusu maji alikuwa kama alivyoeleza kaka yetu wa Nyakato, neno kwa neno, na aliomba radhi kwa mama akiwa amepiga magoti. Namba ya siri tumeibadilisha.

Mama amekubali kukaa kwa mama mdogo huko Buswelu mpaka kidonda kipone na maneno ya kijijini yatulie. Alikataa Bukoba. Chumba chake alikifunga mwenyewe, akaukunja ufunguo kwenye pindo la khanga.

Kikao cha halmashauri ya kijiji kuhusu shamba ni Jumamosi ijayo. Naomba kujua tuende na nini.

Mstaafu wa Ustawi alijibu:

Nendeni na mama mwenyewe, hata kama ni kwa kukodi gari, na mtafutieni mto wa kukalia. Bebeni nakala ya barua, cheti cha kifo cha baba, na mashahidi wawili wanaojua mipaka na waliokuwapo shamba lilipopatikana. Ulizeni kwa mtendaji kuhusu msaidizi wa kisheria wa wilaya. Hutoa huduma bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Karatasi yenye dole gumba isomwe kwa sauti kikaoni, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kabla mtu yeyote hajazungumza. Mama akishaisikia yote, mpeni nafasi yeye awe wa kwanza kusema.