Wakuu ushauri: mawakala tunakopeshana floti, niunganishe wote?

Kibandani: Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha miamala ya simu stendi. Tuko mawakala kadhaa tunainuana: wa sokoni ana keshi, mimi nina floti (salio la kwenye laini), tunabadilishana, jioni tunarudishiana. Kwa sasa kila mtu anakopa kwa jirani yake tu. Nataka iwe wote kwa wote. Mnaonaje? Usingizi sipati.

Mama Swaumu: Mwanangu, mimi nilimkopesha mwenzangu laki tatu, akahamia Tunduma na laini yake. Siku hizi sikopeshi hata kiberiti.

Bitozo: Uza chipsi mkuu.

Fundi Gridi: Wachumi Allen na Gale walilichambua hili kwa mabenki mwaka 2000. Kila benki ikimtegemea jirani mmoja, ikianguka moja inamvuta anayefuata. Zikikopeshana zote, hasara inagawanyika vipande vidogo. Ila 2015 mchumi Acemoglu na wenzake wakaonyesha kwamba hiyo ni kwa pigo dogo. Likija kubwa, njia zilezile zilizogawana hasara ndizo zinazoisambaza. Kwa hiyo usiangalie tu nani anamdai nani, angalia mnakwama lini. Wewe na wa sokoni mnafaana kwa sababu saa zenu za kukwama hazifanani. Mishahara ikitoka wateja wote wanataka keshi siku moja. Hapo nani atamwinua nani?

Kibandani: Siku hizo huwa tunakaza tu.

Fundi Gridi: Na hela zitapita kwa nani?

Kibandani: Kwangu, ili hesabu zisipotee.

Fundi Gridi: Basi hiyo si wote kwa wote, ni wote kwako. Ukikwama wewe wamekwama wote. Mtaji wa nani?

Kibandani: Mbona unanihoji kama polisi? Haya, milioni mbili na nusu ni za kikoba cha wife, yeye ndiye mweka hazina. Nimeshaziingiza kwenye laini. Ziko salama, na wawili wameshanikabidhi madaftari yao. Kurudi nyuma sasa ni aibu.

Mama Swaumu: Subhanallah! Hela za akina mama!

Mpiga Kengele: Hii chai. Mwanzo usingizi hapati, sasa hela ziko salama.

Fundi Gridi: Hata kama chai, mambo haya yapo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya, akadondokea transfoma. Ikajizima, mashine nyingine za pale zikazidiwa mzigo nazo zikajizima. Zikapotea zaidi ya megawati 180, nchi nzima giza kwa saa kadhaa.

Mpiga Kengele: Hiyo sasa chai ya maziwa. Tumbili azime nchi?

Wa Kitengela: Si chai jameni. Nilikuwa kwa kinyozi, mashine ikazimika nusu kichwa. KenGen wenyewe, kampuni inayozalisha umeme, walitoa taarifa.

Bitozo: Tumbili alikauka?

Wa Kitengela: Alipona, akachukuliwa na KWS, shirika la wanyamapori.

Mama Swaumu: Acheni tumbili. Mwanangu, mkeo anajua?

Kibandani: Bado. Kikao chao Jumamosi, mishahara inatoka Ijumaa. Kamisheni ya siku hiyo si ya kitoto, nitarudisha kabla hajafungua daftari.

Fundi Gridi: Ijumaa hiyohiyo ambayo wote mtatolewa keshi?

Mpiga Kengele: Weka picha ya madaftari tuamini.

Kibandani: Siweki, yana namba za wateja.