Masizi ndani ya kabini ya lori si uchafu wa kufuta, ni ubovu wa gari

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitajisumbua kuificha. Nimechoka kuambiwa na mwenye gari, na baada yake na fundi wa gereji anayemwamini, kwamba masizi yanayotanda kwenye dashibodi, kwenye dari na kwenye shuka za kitanda cha nyuma ya viti ni hali ya kawaida ya dizeli. Si hali ya kawaida hata kidogo. Injini ya dizeli yenye ekzosi nzima haimpelekei dereva moshi wake. Inautoa nje, na ukiuona ndani ujue kuna mahali pametoboka, pamelegea au palifungwa vibaya.

Nilipolalamika kwa maandishi nilipewa manukato ya kuning'iniza kwenye kioo, ahadi ya kuoshewa gari ndani, na vifuniko vipya vya viti vya rangi nyeusi ili uchafu usionekane. Yaani ubovu uligeuzwa kuwa wa macho yangu. Nilipokataa kuridhika, nikaambiwa kwamba madereva wa zamani hawakuwa wakidekadeka hivi.

Hao wanaotaja madereva wa zamani wangefaa kujua kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli mwaka 1988 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na Juni 2012 likaupandisha hadi Kundi la 1, ambalo ni la vitu vilivyothibitika kuisababisha. Chembe nyingi za masizi hayo zina upana usiofika maikromita 1, ilhali unywele wa binadamu una takriban maikromita 70. Weusi unaoufuta kwa kitambaa ni sehemu iliyotua tu. Sehemu inayodhuru zaidi ndiyo inayoelea, na dereva anaivuta kifuani tangu anapowasha gari hadi anapolizima, kisha analala humo humo usiku. Kwa hiyo anayeniletea kitambaa na manukato ni sawa na anayeleta ndoo chini ya paa linalovuja, tena akadai kuwa ameliezeka.

Sasa niseme masizi yanatoka wapi, kwa sababu gereji nyingi zinaanza kutafuta mwisho wa bomba, wakati uvujaji unaomfikia dereva huwa karibu na injini, chini ya miguu yake. Mtuhumiwa wa kwanza ni manifoldi ya ekzosi, yaani kile chuma kilichofungwa kwenye injini kinachokusanya moshi wa silinda zote. Chuma chake hupanuka kikipata moto na kunywea kikipoa, mara nyingi kila siku, mpaka boliti moja inakatika, uso wa kukutania unapinda, na gasketi inaanza kupitisha moshi. Ishara zake hazihitaji mashine: injini ikiwashwa ikiwa baridi husikika mlio wa tik-tik unaofuata mzunguko wake na kupungua au kuisha chuma kikishapata moto, na kwenye kiungo chenyewe huonekana doa jeusi lililotawanyika kuanzia pale moshi unapotokea. Fundi anayekagua gari likiwa limekwisha kuchemka, kisha akatamka kwamba hasikii chochote, amekagua kwa saa isiyofaa, na ndivyo nilivyofanyiwa.

Baada ya manifoldi kuna kiungo cha tabo (ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa), kuna bomba la mkunjo linalopokea mtikisiko wa injini, na kuna klempu zake. Jambo ambalo sijasikia likitajwa gereji ni breki ya ekzosi. Ukiitumia kwenye mteremko, valvu hufunga njia ya moshi na msukumo katika sehemu yote iliyo kati ya injini na valvu hupanda sana, kwa hiyo ufa mdogo ambao kwenye tambarare ulikuwa unapumua kwa unyonge sasa unapuliza kwa nguvu. Ikiwa harufu inakujia zaidi kwenye miteremko unaposhuka kwa breki hiyo, hiyo ni dalili kwamba uvujaji uko kabla ya valvu, na umempunguzia fundi nusu ya kazi. Mimi nilimweleza fundi hivyo hivyo. Alicheka.

Kisha akapaka silikoni. Wakuu, silikoni ya kuzibia, hata ile nyekundu inayouzwa kuwa ya joto kali, huanza kushindwa kwenye nyuzi mia tatu na kitu za Selsiasi, na moshi unaotoka kwenye manifoldi ya dizeli iliyobeba mzigo mzito mlimani unaweza kupita nyuzi 600. Ile silikoni iliungua, ikaongeza harufu yake juu ya ile ya mwanzo, na risiti ikaandikwa kwamba ekzosi imetengenezwa. Kazi halali ni kufungua manifoldi, kutoa vipande vya boliti zilizokatika, kusawazisha uso uliopinda kwa mashine, kuweka gasketi mpya na kukaza boliti kwa mpangilio na nguvu iliyoelekezwa na mtengenezaji. Ni kazi ndefu na yenye kuchosha, na hiyo ndiyo sababu inakwepwa.

Lipo pia bomba la kupumulia injini, ambalo husahauliwa kwa sababu si sehemu ya ekzosi. Ringi za pistoni zikichakaa, gesi hupenya hadi chini kwenye oili na kutokea kwenye bomba hilo, na kama mdomo wake uko chini ya kabini mvuke wenye mafuta hupanda na kufanya masizi yang'ang'anie kila kitu. Ukiona weusi wenye utelezi badala ya unga mkavu, anzia hapo.

Upande wa pili ni njia za kuingilia. Ukuta wa bati kati ya injini na kabini umetobolewa kwa ajili ya nyaya, usukani, pedali na mabomba ya hita, na kila tundu lilitoka kiwandani likiwa na mpira wake. Kila fundi wa umeme anayepitisha waya mpya anauchana mmoja na kwenda zake. Kava la mpira la gia ndilo baya kuliko yote, maana liko juu kabisa ya joto, hukakamaa, hupasuka kwenye mikunjo, na zulia hulificha. Kulikagua hakuna gharama: usiku, mtu mmoja akae kabini gizani na mwingine amulike kwa tochi kutoka chini, na kila nuru inayopenya ni njia ya moshi. Mipira ya milango ijaribiwe kwa karatasi iliyobanwa na mlango. Ikivutika bila upinzani, mpira umekufa.

Na hapa lazima nikosoe ushauri ambao madereva wenyewe tunapeana, kwamba ukisikia moshi fungua kioo kidogo. Gari likiwa mwendoni, upepo unaopita kando ya kioo kilichoachwa wazi kidogo huinyonya hewa ya ndani, na kabini hujifidia kwa kuvuta kupitia matundu ya sakafuni, yaani kutoka kwenye injini. Dirisha la nyuma ni hatari zaidi, kwa kuwa nyuma ya kabini upepo huzunguka na kuurudisha moshi mbele. Kinachosaidia ni kufunga vioo na kuendesha feni ikivuta hewa ya nje kupitia chujio lililo safi, ili msukumo wa ndani uzidi kidogo ule wa nje. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinafaa ukiwa nyuma ya lori jingine linalofuka moshi au kwenye foleni, lakini kwa muda mfupi, kwani kikiachwa saa nyingi hewa huchakaa na dereva husinzia. Haya yote hayana maana ikiwa chujio la kabini halipo, na kwenye gari ninaloendesha nyumba ya chujio ilikuwa tupu. Kuna aliyelitoa na hakuna aliyelirudisha. Likirudishwa, lile lenye mkaa hupunguza harufu na baadhi ya gesi, ila haliizuii kaboni monoksaidi, kwa hiyo asitokee wa kuniambia kwamba chujio jipya linatosha kuuacha ufa ulivyo.

Usafi uje mwisho, baada ya uvujaji kuzibwa, na usifanywe kwa kupuliza upepo wa kompresa, maana huko ni kuyarusha upya yaliyokwisha kutua. Yavutwe kwa mashine yenye chujio la kunasa chembe ndogo, kisha nyuso zifutwe kwa sabuni inayokata mafuta, kwa sababu maji matupu huyasambaza.

Ninachodai kwa mwenye gari ni kwamba masizi ndani ya kabini yaandikwe kwenye daftari la ukaguzi kama ubovu wa gari, pamoja na breki na taa, na gari lenye dalili hizo lisipangiwe safari mpaka lifunguliwe. Barua yenye maneno hayo nimeshaipeleka na naendelea kungoja jibu. Wakati huo huo naomba msaada wa walio na malori ya kabini ya kuinamisha ambayo kava lake la gia halitengenezwi tena: mmepaziba kwa kitu gani pale kwenye mkono wa gia, kinachostahimili joto na bado kikaruhusu gia kuingia bila kukwama? Tafadhali asinijibu mtu kwa silikoni.