Nikiwa nje ya India nitajuaje dawa ya Ayurveda ninayonunua ni orijino?

nuru_asubuhi
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na hizi dawa za Ayurveda (tiba ya asili ya India). Mimi sipo India na sina mtu kule wa kunitumia mzigo kwa hiyo kila kitu nanunua mtandaoni. Nataka triphala ya unga kwa ajili ya tumbo, ashwagandha kwa ajili ya usingizi, halafu mama yangu magoti yanamsumbua sana kuna mtu kamwambia atafute yogaraj guggulu. Sasa nikifungua simu jina moja lina wauzaji kibao, makopo yanafanana, bei zinapishana mpaka unaogopa, huyu kaandika asilia asilimia 100, yule kaandika haina kemikali, mwingine anakwambia imethibitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Nishike lipi? Kwenye lebo mtu anaanza kuangalia nini, na je kampuni ikiwa kubwa na inajulikana ndo basi inatosha? Nauliza kwa makini kwa sababu mama ni mtu mzima na anatumia dawa za presha, sitaki nimletee matatizo juu ya matatizo.

mizizi_na_magome
Karibu nuru. Mimi naagiza hizi bidhaa kwa ajili ya kuuza kwa hiyo kusoma lebo ndo kazi yangu ya kila siku. Cha kwanza achana kabisa na maneno ya mbele ya kopo, pale mbele kila mtu anaandika anachotaka. Geuza nyuma.

Dawa ya Ayurveda iliyotengenezwa India inasimamiwa na sheria yao ya dawa ya mwaka 1940, na kiwanda lazima kiwe na leseni ya kutengeneza dawa za Ayurveda. Namba ya hiyo leseni inatakiwa iwepo kwenye lebo, utaona imeandikwa Mfg. Lic. No. au M.L. No. Pamoja nayo kuwe na jina la mtengenezaji na anwani yake kamili, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na yale maneno "Ayurvedic Medicine". Ukikuta kopo lina namba ya FSSAI (mamlaka ya usalama wa chakula ya India) peke yake, ile yenye tarakimu 14, ujue hicho kimesajiliwa kama chakula sio dawa. Haina maana ni feki, ila muuzaji asikwambie ni dawa wakati kiwanda chenyewe hakijasema hivyo.

Halafu nenda kwenye viambato, na hapa ndo watu wengi wanapita haraka wakati ndo penye utajiri wote. Lebo nzuri inakupa jina la Kilatini la mmea, sehemu ya mmea iliyotumika na kiasi chake. Triphala ni matunda matatu tu: Terminalia chebula, Terminalia bellirica na amla yaani Emblica officinalis (siku hizi wanaandika pia Phyllanthus emblica, ni mmea uleule usishtuke). Ukiona "mchanganyiko maalumu wa mimea" bila majina, rudisha kopo. Ashwagandha ni Withania somnifera, na unachotaka wewe ni mzizi. Majani ni rahisi kupatikana kuliko mizizi kwa hiyo kuna watu wanayachanganya, mpaka wizara ya AYUSH ya India, inayosimamia tiba za asili, mwaka 2021 ikawaambia watengenezaji waachane na majani. Kama lebo inasema tu ashwagandha bila kutaja sehemu gani, waandikie uwaulize, na wakikujibu kwa kuzungukazunguka hilo nalo ni jibu. Na ukija kutafuta brahmi siku moja kuwa makini zaidi, kuna mimea miwili tofauti kabisa inauzwa kwa jina hilohilo, Bacopa monnieri na Centella asiatica, bila Kilatini hujui umebeba ipi.

Kuhusu kampuni kubwa: inasaidia, lakini haitoshi, maana wanaofanya feki wanaiga kopo la kampuni kubwa sio la kampuni isiyojulikana. Ninachofanya mimi naenda kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe (naiandika kwa mkono, sifuati linki ya muuzaji), natafuta orodha ya wasambazaji wao nje ya India, halafu nawatumia picha ya lebo na namba ya bechi nawauliza kama ni ya kwao na kama wanaweza kunipa cheti cha vipimo vya maabara cha bechi hiyohiyo. Kiwanda kinachouza nje kwa kawaida kinakuwa nacho. Wakikutumia cheti cha bechi nyingine au cha miaka iliyopita hicho hakihusiani na kopo lako.

mfamasia_wa_zamu
Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, naongeza mambo mawili ambayo bila hayo naona mtu anaweza kununua orijino kabisa na bado akaumia.

La kwanza hilo la FDA. Marekani bidhaa hizi karibu zote zinauzwa kama virutubisho chini ya sheria ya mwaka 1994 na FDA haithibitishi virutubisho kabla havijaingia sokoni. Kwa hiyo anayekuandikia imethibitishwa na FDA anakudanganya pale pale kwenye lebo, na mtu anayedanganya kwenye hilo usimwamini kwenye lingine. Wengine wanaandika kiwanda kimesajiliwa FDA, hiyo inaweza kuwa kweli ila maana yake kiwanda kipo kwenye orodha, basi, haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani ya kopo. Vilevile anayekuahidi kuponya kisukari au saratani mkimbie. India kwenyewe sheria ya mwaka 1954 inakataza matangazo ya namna hiyo.

La pili ndo kubwa. Kuna tawi la Ayurveda linaitwa rasa shastra ambalo linatumia madini kwa makusudi: zebaki, risasi, aseniki, baada ya kuyachoma na kuyasafisha kwa taratibu zao. Yaani dawa inaweza kuwa orijino, yenye leseni, imefuata kitabu neno kwa neno, na ndani ina zebaki kwa sababu kitabu ndivyo kinavyosema. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2004 watafiti walinunua bidhaa 70 kwenye maduka ya eneo la Boston, 14 zikakutwa na metali nzito. Mwaka 2008 wakachapisha utafiti mwingine, safari hii bidhaa 193 zilizonunuliwa mtandaoni, kama moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, na zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na nafuu yoyote kuliko za India. Kwa hiyo "imetengenezwa Marekani" isikulaze usingizi.

Maneno ya kuyakwepa kwenye jina au kwenye viambato ni bhasma (majivu ya kitu kilichochomwa, mara nyingi madini), ras au rasa, sindoor, parada (zebaki), hingula (hiyo nayo ni zebaki), naga (risasi), haritala na manahshila (aseniki). Na hapa nuru nisikilize kwa ajili ya mama: Yogaraj Guggulu na Maha Yogaraj Guggulu sio kitu kimoja. Hiyo ya Maha inaongezwa bhasma za madini, ikiwemo ya risasi. Makopo yanakaa jirani na majina yanafanana, soma mara mbili. Guggul yenyewe (utomvu wa mti uliomo kwenye dawa zote hizo mbili) hata bila madini imeonekana inapunguza kiasi cha propranolol na diltiazem kinachoingia kwenye damu, na hizo ni dawa ambazo watu wa presha na moyo wanatumia, kwa hiyo kabla hajameza hata kidonge kimoja daktari wake aione hiyo lebo. Na asichanganye na kitu chenye yashtimadhu (mzizi wa licorice), kile kinapandisha presha.

kijani_kibichi
Mimi naona mnaifanya ngumu sana, triphala nzuri unaijua kwa ulimi, inakunja mdomo, ina uchachu na uchungu pamoja. Ya zamani haina ladha wala harufu, inakuwa kama vumbi. Mimi hununua kidogo kwanza naonja ndo naagiza nyingi.

mfamasia_wa_zamu
@kijani_kibichi kwa uzee wa unga nakubaliana na wewe kabisa, ulimi na pua vinasaidia. Ila risasi haina harufu na huwezi kuionja kwa viwango hivi tunavyoongelea. Hiyo ni maabara tu. Ukipata cheti usiridhike na neno "imefaulu", tafuta namba. Viwango vya India kwa dawa za mimea ni risasi isizidi sehemu 10 kwa milioni, aseniki 3, zebaki 1, kadimi 0.3.

nuru_asubuhi
Asanteni sana jamani. Nimerudi kuangalia ile niliyokuwa nimemuwekea mama kwenye kikapu na kweli imeandikwa Maha kwa herufi ndogo, nimeitoa. Nilikuwa sijui kabisa kama ni vitu viwili tofauti. Sasa je hizi nchi tunazonunulia hazina alama yoyote ya serikali ambayo mtu akiiona anajua hii imekaguliwa?

raia_wa_dunia
Zipo ila zinategemea nchi na kila alama ina mipaka yake. Kanada kuna NPN, namba ya tarakimu nane, unaiingiza kwenye hifadhidata ya Health Canada inakuletea jina la bidhaa, viambato na kampuni, na kama kilichotokea hakifanani na kopo ulilonalo basi umeshapata jibu lako. Australia tafuta AUST L ikifuatiwa na namba, nayo unaikagua kwenye rejista yao. Uingereza kuna alama ya THR yenye namba yake, maana yake ubora na usalama vimeangaliwa, lakini kuhusu kutibu wanategemea historia ya matumizi ya muda mrefu sio majaribio ya kitabibu. Umoja wa Ulaya nao wana utaratibu kama huo tangu sheria yao ianze kubana kikamilifu Aprili 2011, wanataka mmea uwe umetumika miaka 30 na angalau 15 kati ya hiyo iwe ndani ya Ulaya, sasa fikiria dawa ngapi za Ayurveda zitavuka hapo. Ndo maana nyingi utazikuta zinauzwa kama virutubisho vya chakula. Marekani hakuna namba ya serikali, tafuta alama ya wapimaji huru kama USP au NSF, na jina la bidhaa ulithibitishe kwenye tovuti ya hao wapimaji maana nembo ni picha tu, mtu yeyote anaibandika.

Kingine kidogo kwa wasiotumia pombe: dawa zinazoishia na arishta au asava zinachachushwa, pombe inajitengeneza yenyewe humo ndani, lebo huwa inaandika asilimia. Na vidonge vya kapsuli uliza ganda limetengenezwa na nini.

mpita_njia_09
Samahani naingilia. Mimi nina kopo nyumbani lina neno bhasma na nimelitumia muda sasa, sijisikii vibaya. Niendelee au?

mfamasia_wa_zamu
Acha kwanza ndugu yangu, hata kama unajisikia vizuri. Risasi inajikusanya mwilini kimya kimya. Nenda kapime kiwango cha risasi kwenye damu, mwambie daktari wazi kabisa ulikuwa unatumia nini, na kopo usilitupe, libebe hivyohivyo na lebo yake maana wanaweza kutaka kupima kilichobaki. Na kama nyumbani kuna mjamzito aliyelitumia aende upesi zaidi, New York mwaka 2011 hadi 2012 waligundua wajawazito sita wenye sumu ya risasi iliyotokana na dawa hizihizi kutoka India, na risasi inavuka inamfikia mtoto tumboni.

mizizi_na_magome
Na piga picha ya namba ya bechi umtumie mtengenezaji pamoja na mamlaka ya dawa ya nchi uliyopo, kuna wengine wana kopo la bechi hiyohiyo.