Naomba ushauri: kompyuta ya mezani HP Z440 itaharakisha kweli uhariri wa video?

Wakuu, habari za kazi. Niko Mbeya, nahariri video za harusi na sendofu kwa programu ya Premiere Pro. Laptopu yangu ni Core i5 kizazi cha 8, RAM GB 8. Video za 4K za H.265 (mfumo wa kubana video) zinakwamakwama, na kurenda (kutoa video iliyokamilika) kazi ndefu kunakesha huku wateja wakisubiri. Nimeweka SSD na kutumia proksi (nakala nyepesi za video za kuhariria). Kukata kumekuwa kwepesi, kurenda bado.

Nimepata Z440 iliyotumika: prosesa ya Xeon E5-1650 v4, RAM GB 32, kadi ya picha ndogo. Xeon hiyo haina Quick Sync (sehemu ya prosesa za Intel inayoharakisha kusoma na kurenda video), ndiyo hofu yangu, maana hela yenyewe ni ya kuungaunga.

Je, nichukue hiyo niongeze kadi ya NVIDIA (ipi itatosha?), au bora Core i5 ya mezani ya kizazi kipya?